Meja Hataki Mkono Wangu

Cunnamulla, Queensland
6 Februari 1983

Mdogo wangu Nola,

Salamu kutoka ndani ya tanuri. Natumaini huko Tasmania bado mnajifunika blanketi, maana hapa hata bati la tangi linalia kwa joto. Mvua imetupa kisogo, huu mwaka wa nne. Juzi kangaruu aliingia uani, akanywa maji ya bakuli lililo chini ya bomba, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeingia bila hodi. Binamu yetu Basil ameniandikia kuwa amestaafu tena. Hii ni mara ya tatu. Mimi mzima. Magoti yananikumbusha kila kinu cha upepo cha kuvutia maji nilichowahi kupanda kukitengeneza, lakini nani wa miaka sitini na sita asiye na magoti ya namna hiyo.

Sasa usicheke. Nina ndege.

Ni kokatieli, wale kasuku wadogo wa kijivu wenye kishungi na mashavu ya rangi ya chungwa, kama mtu aliyejipaka poda bila kioo. Huku wanapita kwa makundi wakifuata maji wanayoyajua wenyewe, na kwa miaka arobaini nimewatazama kutoka juu ya vinu bila kuwaza hata siku moja kumweka mmoja jikoni. Huyu nimepewa na Merle Gaffney, mjane wa upande wa pili wa uzio. Marehemu mumewe alimwachia banda zima la ndege na sasa anawagawa. Nilimwambia sihitaji ndege. Akasema, "Sijakuuliza kama unahitaji," akaweka tundu juu ya meza yangu, akaondoka.

Ana miezi kumi na hajawahi kushikwa na mtu. Nimempa jina la Meja, kwa ajili ya kile kishungi na jinsi anavyonikagua asubuhi. Jana nilitia mkono tunduni nimtoe tufahamiane. Aliniuma kidole mpaka machozi yakanilenga, kisha akajipigapiga kwenye nyavu, manyoya yakatua kwenye siagi.

Wewe umefuga hawa maisha yako yote. Niambie nifanye nini. Kwa ufupi, tafadhali.

Kaka yako,
Alwyn


Spreyton, Tasmania
21 Februari 1983

Kaka Alwyn,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa nimesimama, ya pili nikiwa nimeketi kwa sababu ya kicheko. Huku hatujambo. Matufaha ya mwanzo yameanza kuiva, ila mgongo wangu umekataa ngazi, kwa hiyo mwaka huu majirani wanachuma na mimi napanga kwenye makasha. Kanisani nimechaguliwa tena kuwa katibu bila kupingwa. Hakuna mwingine aliyehudhuria mkutano.

Umeniomba ufupi. Hutaupata.

Mtu usiyemjua akiingiza mkono chumbani kwako na kukukamata kiunoni, wewe usingemuuma? Tundu ni nyumba yake. Liweke kwenye pembe ya chumba, kimo cha kifua chako, ulifunike pande tatu kwa kitambaa, kisha vuta kiti ukae. Basi. Soma gazeti kwa sauti, hata ukurasa wa bei ya sufu. Usimkazie macho, maana kwao anayekazia macho ni mwewe. Fanya hivyo wiki nzima. Halafu chukua suke la uwele umshikie kupitia kwenye nyavu, na kila siku vidole visogee karibu zaidi na punje. Siku atakayokula bila kuruka, fungua mlango umwache atoke kwa hiari yake.

Na ujifunze kusoma kishungi. Kikisimama wima kabisa, ameogopa, rudi nyuma. Kikilala bapa na akatoa sauti ya nyoka, umemuudhi. Kikiwa nusu, anakusikiliza, na hapo ndipo kazi inafanyika. Akishakuzoea, mguse kwa kidole chini ya tumbo, juu kidogo ya miguu, useme neno moja, lile lile kila siku. Mimi husema "panda". Mkono utulie kama tawi.

Ulikuwa ukining'inia juu ya vinu kwenye upepo ukila mkate. Ndege wa gramu tisini asikushinde.

Kuhusu huyo Merle, sina la kusema. Nauliza tu, ni mwanamke wa namna gani anayempa mwanamume ndege akaondoka bila hata kunywa chai?

Na swali la kitaalamu. Uso wa Meja ni wa njano au wa kijivu?

Mdogo wako,
Nola


Cunnamulla
27 Machi 1983

Mdogo wangu Nola,

Unisamehe kwa kuchelewa. Mvua imekuja. Imekuja kama mtu aliyesahau mwaliko kisha akataka kula chakula chote peke yake. Barabara ilifungwa siku tisa, posta haikutoka, na vyura wamehamia kwenye viatu. Watu wanasimama barabarani wakilowana kwa makusudi. Natumaini mgongo wako umepata nafuu na matufaha yameisha.

Nimefuata masharti yako yote. Nimemsomea Meja magazeti mpaka sasa anajua siasa kuliko mbunge wetu. Suke la uwele alilikubali siku ya sita. Tundu nimelifungua, anatoka, anatembea mezani kama mwenye nyumba. Anakaa juu ya kiatu changu. Anakaa kwenye kofia nikiwa nimeivaa. Anakaa begani na kunivuta nyusi moja baada ya nyingine kana kwamba anahesabu.

Lakini mkono hautaki. Nikiuleta tu, kishungi juu, macho yanamtoka, anarukia fimbo ya pazia, na hashuki mpaka niondoke mezani. Akija Merle na kunyoosha kidole, huyo anapanda kama abiria mwenye tiketi. Nilimuuliza Merle anatumia dawa gani. Akasema nisimlaumu ndege. Sijui alikuwa na maana gani. Merle husema nusu ya jambo na kukuachia nusu nyingine uipike mwenyewe. Mimi nadhani Meja ananusa grisi ya miaka arobaini. Nimenawa kwa ndimu, haikusaidia.

Uso ni wa kijivu. Tena nimempigia mluzi kila asubuhi kwa wiki tatu. Ananisikiliza kama hakimu na hatoi hukumu. Nimefikia mahali pa kumwomba msamaha.

Kaka yako,
Alwyn


Spreyton
11 Aprili 1983

Kaka Alwyn,

Nashukuru kwa mvua yenu, na msalimie chura wa kiatu cha kushoto. Huku matufaha yameisha, baridi imeanza kubisha hodi, na nimepika jemu ya kutosha jeshi. Basil alikuja kula jemu hiyo akakaa siku nne. Anasema anatafuta kazi.

Nimesoma barua yako kwa makini. Ukame wa miaka minne umekwisha, nao umepewa aya moja. Merle peke yake kapewa karibu nusu ya aya, pamoja na maelezo ya tabia yake. Sisemi kitu. Naeleza tu nilichokiona kwenye karatasi.

Sasa Meja. Ndege akikaa begani mwako na kukuchana nyusi, anakupenda, hapo usihangaike. Akikaa begani lakini akaukimbia mkono, basi liko jambo kwenye mkono. Si wewe, maana kiatu chako hakimtishi na kofia yako haimtishi. Si mikono ya watu kwa jumla, maana wa Merle anaupanda. Grisi ni hadithi yako. Kwa hiyo nieleze polepole, kama unavyomweleza fundi mwenzako. Unaufikisha mkono vipi? Unatokea juu au chini? Ukishafika pale, unafanya nini? Na unatumia mkono upi?

Jambo jingine. Mwandiko wako umekuwa mdogo mno. Mstari unaanza mtu na kuishia sisimizi. Huko karatasi imekuwa adimu?

Mdogo wako,
Nola


Cunnamulla
15 Mei 1983

Mdogo wangu Nola,

Habari za huko? Hapa majani yamepanda mpaka kwenye dirisha la jikoni na nzi wamekuja kuyaona. Kama unavyoona, nimeingia kwenye usasa. Hii ni taipureta ya Merle, nami naiendesha kwa kidole kimoja, kwa hiyo usiniulize maneno marefu.

Habari kubwa ni kwamba Meja ametaga yai.

Nilimkuta Jumanne amejikunja kwenye pembe ya tundu, kishungi bapa, ananitolea ile sauti ya nyoka. Nikadhani anaumwa. Nikamwita Merle. Merle alichungulia, akainuka, akaniambia, "Hongera, Meja wako ana mtoto njiani." Akacheka mpaka akaketi kwenye kikapu cha nguo, na kikapu kikavunjika. Sasa ni mayai matatu. Sibadilishi jina. Ameshalizoea, na mimi pia.

Maswali yako mengine nitayajibu nikipata nafasi.

Alwyn


Spreyton
29 Mei 1983

Kaka Alwyn,

Hongera kwa mayai, na pole kwa kikapu. Uso wa kijivu, mluzi hataki, ni jike tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nangoja ugundue mwenyewe, na nilitaka sana niwepo. Usimnyang'anye mayai. Hayataanguliwa, ila mwache ayalalie mpaka achoke. Mpe mfupa wa ngisi adonoe, maana mayai yamemla chokaa ya mwilini. Basil amepata kazi ya kuuza bima. Nimekataa kununua.

Sasa niache mzaha kidogo, kisha nitaurudia.

Nilimfunga Baba vifungo vya shati kwa miaka tisa. Ugonjwa wake haukuanza na mkono kutetemeka. Ulianza na mwandiko. Alikuwa akiandika majina ya wanunuzi kwenye makasha ya matufaha, herufi kubwa za kuonekana toka barabarani, na mwaka mmoja zikaanza kupungua, zikapungua, mpaka nikawa naziinamia kuzisoma. Nilipomuuliza alisema kalamu ni mbaya. Nikamnunulia kalamu nyingine. Ile nayo ikawa mbaya.

Wewe umeniletea taipureta.

Sikuulizi kama ni hivyo. Nakuuliza mkono upi.

Na kuhusu ndege, nilikupotosha, naomba radhi. Nilikuambia mkono utulie kama tawi. Matawi yenyewe hayatulii. Hao wa porini kwenu wanatua kwenye vijiti vinavyopepesuka na kulala hapo hapo. Kilichomtisha Meja hakikuwa kutikisika. Wewe ulikuwa ukificha mkono siku nzima, kisha unamletea ghafla kitu asichokijua. Achana na kuuficha, na usiungoje utulie. Akishayaacha mayai, ulaze mkono mezani mbele ya tundu, ucheze unavyotaka kucheza, na suke la uwele liwe chini yake. Usimwite. Asubuhi na jioni, kila siku. Aujue ulivyo. Siku akija kula kati ya vidole vikiwa vinatikisika, siku mbili baadaye sema "panda".

Nakungoja.

Nola


Cunnamulla
10 Julai 1983

Mdogo wangu Nola,

Natumaini hujambo na baridi haijakuzidi. Wiki sita ni nyingi, najua. Barua hii nimeiandika kwa mkono na imenichukua siku nne. Merle alijitolea kuniandikia, nikamkatalia. Usome na miwani.

Ni wa kulia.

Ulianza majira ya baridi ya mwaka jana. Nilikuwa juu ya kinu cha shamba moja nikimsaidia jamaa, spana ikanitoka. Nikasema ni baridi. Wiki iliyofuata ikanitoka mezani, jikoni, karibu na jiko la moto. Daktari wa Toowoomba aliniambia jina la ugonjwa nami nikamwambia ninalijua. Dawa ninakunywa, zinasaidia asubuhi kuliko jioni. Vifungo vya shati bado nafunga, ila naanza mapema.

Merle aliujua kabla sijamwambia. Alikiona kikombe kikigonga sahani. Jumapili nilimuuliza kwa nini hasa alinipa ndege. Akasema, "Mtu anayeshinda na mkono mfukoni, mpe kitu kitakachomfanya autoe." Basi ndiye mwanamke wa namna hiyo, kwa kuwa uliuliza.

Sasa Meja. Mayai aliyachoka katikati ya Juni, akayaacha kama mtu aliyemaliza zamu. Nikaanza. Siku ya kwanza alikwenda kwenye pazia. Ya pili, pazia. Ya nne alishuka akasimama upande wa pili wa meza, kishungi juu kama msumari, akiutazama mkono unavyocheza. Nilijisikia vibaya, Nola. Sijawahi kuuacha ucheze mbele ya kiumbe chochote. Kila nikiwa na mtu naukalia. Ya nane akala punje iliyo karibu na kidole gumba. Ya kumi na moja akala kati ya vidole, na mkono ulipomgonga kifuani akaudonoa kidogo, kama anayemwambia mtoto atulie, akaendelea kula.

Jumatano asubuhi nikasema "panda". Akapanda. Nyayo zake zina joto, hukuwahi kuniambia hilo. Mkono ukaanza. Alitanua mabawa mara moja tu, kama mtu kwenye boti, akakaza kucha, kishungi kikashuka nusu. Kisha akaanza kujichana manyoya huku akitikisika, bila habari. Merle alikuwa mlangoni na pai. Alisimama nayo pale mpaka ikapoa.

Hapo nilitaka kuishia, lakini nimeshaanza kusema kweli na ni vigumu kusimama.

Habari za mkono sikukuambia kwa sababu ya ile miaka tisa uliyomuuguza Baba. Nilikuwa nikikuandikia kwamba vinu vimeharibika kote na sipati likizo. Haikuwa kweli. Agosti 1968 nilikuja. Nilishuka kwenye meli Devonport, nikapanda basi, nikafika mpaka getini petu. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Ulikuwa ukimlisha Baba supu, umemfunga kitambaa shingoni, kijiko kikagongwa, supu ikakumwagikia mkononi, ukapangusa ukaendelea. Nilisimama pale. Nilijua nikiingia sitaweza kutoka, na nilijua pia kwamba nataka kutoka. Nikarudi kwenye meli ile ile.

Kwa hiyo sikuwa na haki ya kukuonyesha mkono huu. Umeshamaliza zamu yako na yangu. Nakuomba usije.

Alwyn


Spreyton
24 Julai 1983

Alwyn,

Nilikuona.

Ulikuwa umevaa koti la kahawia lililokuzidi mabega, na sanduku dogo mkononi. Ulisimama kama robo saa. Baba alikuwa anatazama dirishani akaniuliza ni nani yule. Nikamwambia ni mtu wa kusoma mita ya umeme. Akasema, "Anasoma polepole."

Sikutoka kukuita. Ningetoka, ungeingia, hilo nalijua na wewe unalijua. Kwa miaka kumi na mitano nimewaambia watu kwamba kaka yangu hakuja, na sijamwambia hata mmoja kwamba mlango ulikuwa hatua nne kutoka nilipoketi na sikuufungua. Nadhani nilikuwa na hasira nzuri na niliogopa ukiingia utaniharibia. Ilinifaa sana hasira ile. Ilinipandisha ngazi asubuhi. Haya, hilo ndilo langu. Tumelingana, au tumekaribia.

Umeniomba nisije. Tiketi nimeshakata. Nafika kwa treni tarehe 18 Agosti, na nitakaa wiki sita. Siji kukuuguza. Shati utafunga mwenyewe mpaka likushinde, kisha tutakununulia la zipu na utaonekana kijana. Nakuja kumwona Meja akitikisika, na kumwona Merle, ambaye natumaini ataniambia jambo zima badala ya nusu. Ndege wangu watatunzwa na Basil, kwa kuwa bima nayo imemshinda. Waombee.

Pai nitakula. Usinipikie wewe.

Kuna kitu kimoja zaidi, nacho nilikuwa nimekificha hata mimi. Jioni ile ya Agosti nilipomfungua Baba kitambaa, alinishika mkono, ukatetemeka pamoja na wake, akasema, "Yule mtu wa mita amekonda. Mwandikie ale."

Nilikuandikia wiki ile ile nikikuambia ule vizuri. Ukanijibu kwamba unakula sana na vinu vimeharibika. Nilimsomea Baba jibu lako mara tatu, kwa sababu aliomba.

Mdogo wako,
Nola